Zamu ya Usiku, Kilembe

Kinu hiki hakijasaga jiwe tangu nikiwa na meno yote.
Funguo ninazo mimi. Mchana nafukuza mbuzi,
usiku nafukuza wezi wa mabati.

Akaja Kabugho na mirija ya kioo,
akaitundika juu ya mashine zilizokufa,
ikaning'inia kama mvua iliyosahau kuanguka:
mmoja mwekundu, mwingine samawati,
mwingine rangi nisiyoijua jina.
Nikauliza, "Inazalisha nini?"
Akacheka. "Inaangaza tu, mzee."
Nikanyamaza. Bei ya mafuta ya jenereta anaijua?

Kisha wachezaji, watu saba, miguu mitupu,
wakaipima sakafu kwa nyayo.
Ithungu alisimama penye ukingo wa mwanga:
nusu yake ikawaka,
nusu ikabaki kwetu gizani.
Akanigeukia.
"Kule chini mlikuwa mnatembeaje?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.
Waliuliza tani. Waliuliza mshahara.
Waliuliza nani alifukiwa, na mwaka gani.

Nikainama. Kichwa kushoto, kukwepa mwamba;
mkono wa kulia ukipapasa ukuta
kama mlevi anayetafuta mlango wake;
mguu, taruma, mguu, taruma,
na taa ya kofia ikitangulia hatua mbili.
Hatua mbili.
Dunia uliyopewa ndiyo hiyo.

Alinitazama mara tatu. Hakuandika kitu.

Jumamosi watu walijaa hadi juu ya mikanda ya mawe.
Nikauona mwendo wangu umevaa mwili mwingine:
shingo ile, mkono ule,
taruma lisilokuwepo akalikanyaga pale pale.
Saba wakapita chini ya wekundu wameinama,
na ukutani vivuli havikuwa saba,
ilikuwa zamu nzima inapanda kutoka shimoni,
Thembo yumo, na Mbusa,
na yule Mkongo wa kupiga mluzi.

Ndipo jenereta likakohoa, likazima.
(Niliwaambia lita tano hazitoshi.)

Giza la Kilembe lina uzito, unaweza kuliegemea.
Hakuna aliyepiga kelele.
Nje, Nyamwamba ukikokota mawe yake;
ndani, nyayo hazikusimama,
mguu, taruma,
mguu,
mkono wangu ukajiendea mfukoni,
nikawasha tochi ya ulinzi, ile yenye betri za kubahatisha,
nikaimulika sakafuni
hatua mbili mbele ya Ithungu.

Akaifuata.

Asubuhi niliwakuta mbuzi ndani ya kinu.
Sikuwa nimefunga.