Sifuri ya Jikoni

Skirmantas aliuanza ulimwengu kwenye kona ya jiko.
Hapo aliweka sifuri na sifuri,
na kutoka hapo nyumba ya Bi Domicelė ikakua:
ukuta elfu nne kulia, dirisha elfu mbili juu,
kila kitu kwa milimita, kila pembe mraba,
nyumba imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

Mimi kazi yangu ni kuishusha ardhini.

Ardhi aliileta Liudvikas, mpima,
tope la Biržai limemfika magotini,
na faili lake halijui sifuri.
Linaanzia mashariki laki tano, arobaini na sita elfu na ushei,
kaskazini milioni sita, laki mbili, ishirini na tisa elfu,
tarakimu ndefu kama treni ya mizigo,
na ndani yake miduara kumi na saba:
mashimo.
Huku chini ya nyasi kuna jasi, maji huila jasi usiku na mchana,
na siku moja ardhi hufumbua kinywa bila kupiga hodi.

Nikabandika mchoro juu ya mchoro. Nyumba haikuonekana.
Nikakuza, nikapunguza, nikaita kila kilichomo:
vumbi huku, vumbi kule,
na weupe mtupu katikati.
Nililifuata vumbi la kusini hadi kwenye ikweta,
ndani kabisa ya msitu wa Kongo,
nikakuta jiko lenye upana wa wilaya,
maana milimita zake zimesomwa kama mita,
likingoja mtu alete kuni.
Penye miti hapana wajenzi. Nikacheka peke yangu,
saa tatu usiku, chai imepoa.

Basi. Gawa kwa elfu: jiko likarudi kuwa jiko.
Shika kona, taja kigingi cha Liudvikas, achia:
nyumba ikaruka jangwa, bahari, milima,
ikatua kufumba na kufumbua.
Kisha izungushe, maana kaskazini ya Skirmantas
ni ukingo wa karatasi tu,
na ya kweli iko digrii ishirini na tatu pembeni.
Nikahakiki kwa kigingi cha pili.
Kigingi kimoja hukubali uongo wowote,
nyumba yaweza kukizunguka kama mbuzi na kamba yake.

Tofauti: milimita nne. Nikapumua.

Ndipo nikauona mduara wa tisa.
Ulipita chini ya chumba cha kulala,
na kitanda, ambacho Skirmantas alikichora na mito miwili,
kimekaa humo kama kiini ndani ya yai.

"Umekosea kubadilisha," akasema kwenye simu.
Nikarudia. Gawa, sogeza, zungusha. Mduara palepale.
"Kwangu hakuna shimo," akasema, na ni kweli:
kwake hapakuwa na chochote nje ya kuta.

Aprili tukaenda, watatu.
Bi Domicelė alitupokea na ndoo ya utomvu wa mbetula,
tukanywa kwa kikombe kimoja. Karatasi hakuitazama.
Alianzia kwenye mtofaa, akahesabu hatua
kumi na nne kuelekea mnara wa kanisa,
akasimama, akakanyaga mara moja, taratibu,
kama mtu anayejaribu barafu.

"Hapa ndipo alipozama Margė, ng'ombe wetu, na kamba yake.
Mimi niliokoa ndoo."
Akamgeukia Skirmantas:
"Nilikwambia chumba kikae upande wa pili.
Ukaandika kwenye daftari. Nikadhani umeandika hilo."

Liudvikas akasimika fimbo yake palipokanyagwa.
Mashine ikalia, nikasoma tarakimu:
kitovu cha mduara wa tisa, kasoro unyayo.

Usiku ule nilihamishia chumba magharibi.
Kisha, kwenye tabaka lisilochapishwa,
nikatia nukta moja juu ya mtofaa,
nikaiandika sifuri.