Namba Kwenye Skrini

Tartu, theluji imefika madirishani.
Muki kalazwa kifudifudi, mgongo umenyolewa;
miguu ya nyuma haina habari naye tangu juzi.

Liivika anachonga mfupa, chembe kwa chembe,
hadi ugwe unaonekana: mweupe, umebanwa ubavuni.
Anaugusisha uzi wa mwanga.
"Kumi na tisa," asema Urve. "Kumi na saba."
Damu inapita ikiomba radhi.

Kipande cha diski chatoka, kikavu,
jibini lililosahaulika kabatini.
Wanangoja. Mashine inampumulia.
Kumi na saba.
Kumi na saba.
Ishirini na sita.

Kwenye korido Endel amesimama,
mkanda wa mbwa ameuzungusha kiganjani.
"Atatembea?"

"Damu imepita," ajibu Liivika, kofia bado kichwani.
"Miguu sijaiuliza."