Mita Inapozunguka Usiku

Saumu, ufunguo wa mlango wa uani
ni huu wenye uzi mwekundu.
Kabla hujatandika kitanda, kabla hujabandika chai,
simama katikati ya ukumbi, usikilize.

Nyumba hii ya Barabara ya Kumi na Nne
babu yako aliijenga kwa mshahara wa mkonge,
na mabomba yake ni ya chuma, ya enzi zile.
Alfajiri yanakohoa mara mbili,
yanatema maji ya rangi ya chai, kisha yanatulia.
Huo si ugonjwa, ni tabia.
Kinga ndoo, umwagilie mchicha.

Maji yakikatika, chungulia kwanza kwa Mama Chausiku.
Kwake nako makavu? Basi ni mamlaka, subiri.
Kwake yanatoka? Mwanangu, ni wewe.

Koki ya jikoni ikidondosha, to, to, to,
usimwite mtu. Funga vali ya nyuma ya pipa,
fungua kwa spana, utaikuta washa imelika
kama kisigino cha ndara.
Dukani kwa Mbaruku watakuuliza, nusu inchi au robo tatu?
Jibu nusu, haraka, usisite,
la sivyo utauziwa zote mbili.

Choo kikinong'ona muda mrefu baada ya kuvutwa,
inua mfuniko wa tangi lake: boya limelala ubavu.
Liinue. Ndiyo, kwa mkono. Maji yale ni safi.

Sinki likimeza polepole, ni nywele na mafuta ya nazi,
maji ya moto na mpira wa kuzibulia vinatosha.
Ile dawa kali ya chupa nyeusi, hapana.
Mjomba wako aliimimina mara moja;
uchafu ulibaki, bomba likaondoka.

Lakini ukimwaga maji jikoni na choo kikakujibu kwa kubwabwaja,
bafu likarudisha kilichokuwa cha sinki,
hapo weka chini mpira wako.
Kilichoziba kiko nje, kwenye chemba,
mizizi ya mwarobaini imeingia kunywa.
Hiyo si kazi yako. Mwite Semkiwa.

Na sasa ukuta wa chumba cha mashariki.
Rangi ilivimba kama andazi.
Nikasema ni chumvi, Tanga hii, nani hana chumvi ukutani?
Nikapaka. Ikavimba. Nikapaka tena.
Ankara ikaja kubwa, nikamlaumu msoma mita,
kijana wa watu, nikamnyima hata salamu.

Mjomba wako alikuwa amezikwa mwezi ule.
Usiku mmoja usingizi ulinikataa,
nikafunga koki zote, moja moja,
nikatoka na tochi hadi kwenye mita.
Kagurudumu kekundu kalikuwa kanazunguka.
Hakuna aliyenawa, hakuna aliyekunywa,
kenyewe tu, taratibu, gizani.
Nikakaa chini na kanga yangu pale pale mchangani.
Kumbe si mimi peke yangu
ninayevuja watu wakilala.

Semkiwa aliweka spana sakafuni, sikio juu ya spana,
akafumba macho kama anayesikiliza tumbo la mja mzito.
"Hapa," akasema, na pakavunjwa hapo.
Tundu lenyewe, Saumu, lisingepitisha sindano ya charahani.
"Mama, ungeniita Rajabu ungelipa bomba.
Umeniita Mfunguo Tatu, unalipa sakafu."

Namba yake iko nyuma ya mlango, kwa mkaa.
Asipopokea, mpigie binti yake, Mwantumu;
siku hizi yeye ndiye apandaye darini,
mzee anashika ngazi na kutoa lawama.

Vali kuu iko chini ya kigae, kando ya mita.
Izungushe kila mwezi, hata kukiwa shwari.
Yangu niliiacha miaka,
siku nilipoihitaji iligoma kama punda.

Gari la Muheza linaondoka saa nne. Nimemaliza.
Ah, ile ndoo ya bluu inavuja, najua.
Usiitupe. Nimepanda mrehani.