Pimamaji

Majira yote ya baridi Hylke alichora jiko la nje:
nyuma ya bili za umeme,
nyuma ya kadi ya daktari wa meno,
mara moja kwenye mvuke wa dirisha,
akalifuta kwa mkono wa sweta kabla sijalisoma.
Makabati manne ya kuunganisha, alisema.
Meza, sinki, kabati la vyombo, jiko la mkaa.

Nikamuuliza upepo utatoka wapi.
Akanyamaza. Upepo hakuuchora.
Jumapili tukachoma gazeti kwenye ndoo
tuone moshi unaelekea wapi.
Ulielekea kwenye shuka za Bi Tjitske.
Akatoka, akaitazama ndoo, akatutazama sisi,
akaanua moja moja, bila neno.
Jiko likahamia upande wa mashariki.
Bili nyingine.

Halafu ardhi.
Huku Friesland bustani yetu ni udongo mweusi wa kinamasi,
unazama kila mwaka unene wa ukucha,
kimyakimya, kama mdeni anayekwepa salamu.
Tulichimba. Tukashindilia kifusi, kokoto, mchanga,
tukapanga vigae vya zege thelathini na sita,
na tulipofika cha ishirini mvua ikaja,
si kutoka juu, kutoka ubavuni,
kama ilivyo tabia yake.

Pimamaji lilikuwa la marehemu babake, mwashi,
ubao wake umeng'aa pale kidole gumba kilipokaa
miaka arobaini.
Kipovu kikikimbilia kushoto
Hylke anapandisha mguu wa kulia,
robo mzunguko, robo tena.
"Sasa?"
"Bado."
"Sasa?"
"Umepitiliza."
Ndoa yetu yote imo humo, kwenye robo mzunguko.

Makasha yalikuja Jumanne. Matatu.
La nne, kabati la vyombo, sentimita themanini,
limeisha ghalani, alisema kijana wa lori
huku injini yake inanguruma.
Tukaunga yaliyopo. Skrubu mbili zilizidi;
hatukuambiana.
Mpira wa maji ukakubali, ukatema, ukakubali.
Na kati ya sinki na jiko likabaki pengo
kama la jino la mbele.
Hylke akalitundikia turubai
aibu yake isionekane barabarani.

Jumamosi akaja mamake, Froukje,
na kiti chake cha magurudumu.
Jikoni kwangu, ndani, viwiko vyake hugonga droo;
miaka mitatu sasa anakula vya kupikiwa
na kusema asante kwa sauti ya mgeni.
Alilitazama turubai. Akalivuta, likaanguka.
Akarudi kinyumenyume,
gurudumu hili, gurudumu lile,
akaingia pengoni kama droo inayofungwa.
Kushoto maji. Kulia moto.
"Nipe kisu," akasema.
"Si hicho. Kinachokata."

Alimenya viazi vya watu kumi, nasi tulikuwa watatu.
Alimkaripia mwanawe juu ya mkaa,
juu ya chumvi, juu ya nywele zake.
Bi Tjitske akachomoza kichwa juu ya ua
kuuliza moshi wa leo una ratiba gani,
na Froukje akamwambia: "Ratiba ni soseji. Lete sahani."

Wiki ya tatu kasha la nne likafika.
Hylke akalizunguka, pimamaji kwapani,
kama mtu aliyeletewa barua ya mwenzake.
Kisha akalikokota hadi kibandani.
Lina mbolea sasa, na vyungu vya maua.
Limeinama upande, na hakuna anayelipima.

Masika haya kigae kimoja karibu na sinki kimeshuka.
Meza imeinamia pengoni, kidogo tu,
kipovu ndicho kilichotuambia.
Hylke alishapiga magoti, spana mkononi,
akitafuta mguu.
"Acha," mamake akamwambia,
bila kuinua macho kutoka kwenye maganda.
"Acha hivyohivyo.
Viazi vinajiviringisha vyenyewe, vinakuja kwangu."