Vizibao Kumi na Vinne

Tulishinda tatu bila, uwanja wa Mabawa,
nikapiga magoti mchangani, nikamshukuru Mungu
kwa sauti ya kusikiwa na mwamuzi.
Kocha Penina hakushangilia.
Aliegemeza baiskeli yake ukutani, akaninong'oneza:
"Yule wa mwisho kwenye benchi,
mwenye viatu vya kuazima, anaitwa nani?"

Sikujua.
Miezi mitano nilikuwa nikimwita "we dogo".

Nikangoja anikaripie. Haki hiyo alikuwa nayo:
ndiye aliyenitoa kijiweni Chuda,
akanikabidhi filimbi, mipira miwili, mmoja una kiraka,
na watoto ishirini na sita wa Makorora.
Mshahara, alisema, hakuna.
Soda, Mungu akipenda.

Badala ya maneno akainama,
akaokota vizibao vilivyolowa jasho,
akavihesabu: kumi na vinne.
"Jumatatu, bomba la nyuma ya kanisa.
Njoo na sabuni ya mche."

Nikaenda. Nilidhani tutaanza na sala.
Tukaanza na beseni.

Miaka thelathini alisokota kamba kiwandani,
vidole vyake bado vina ukali wa mkonge.
Kila alichosuuza alikitaja kwa mwenyewe:
"Hiki cha Mbwana. Mama yake anauza vitumbua,
usimcheleweshe jioni.
Cha Shekue. Anaogopa mpira wa kichwa, usimcheke.
Cha Athumani. Adhana ikilia simamisha mazoezi,
usingoje akuombe."

Cha kumi na nne akanipa mimi. Akanyamaza.
Namba tatu.
Kikanichuruzikia maji hadi ndani ya viatu.

"Bwana alipowatawadha miguu," akasema, huku akikamua,
"alijua upi ni wa nani.
Hata ule wa Yuda."

Jioni nilikwenda Makorora, nikaulizia mlango hadi mlango,
kocha mzima asiyejua anamtafuta nani.
Nikamkuta anamenya mihogo kibarazani.
"Naitwa Waziri," akasema.
Kisha, kana kwamba ananionea huruma:
"Ila na dogo pia naitika."

Jumamosi iliyofuata nikampanga beki ya kushoto.
Tulifungwa mbili.
Bao la pili lilipita katikati ya miguu yake,
nami filimbi ikaniwasha mdomoni, maneno yakanijaa,
nikayameza.
"Waziri!" nikaita. "Waziri, rudi nafasi yako, tupo!"

Kule ukutani Kocha Penina alipiga makofi
mpaka baiskeli ikaanguka.