Injini ya Nne

Picha ni moja tu, na unyevu umeila pembeni:
ndege imetua juu ya barafu, mwaka haukuandikwa,
injini tatu zaonekana. Ya nne
imezibwa na bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya
anayetabasamu kama mwenye mali.
"Huyu," asema Torgunn, "miaka sita
namwomba asogee."

Hakusogea. Basi akaichora mwenyewe,
akakunja karatasi katikati, kushoto kukazaa kulia,
robo kamili ya ile ya kweli, mita tano na ushee
ncha ya bawa hadi ncha ya bawa,
ndani ya chumba cha chini
chenye mlango wa sentimita themanini.
Nilimwuliza. Akanitazama nilivyostahili kutazamwa.
Bawa ni vipande vitatu, na bomba la alumini
huingia ndani ya bomba jingine
kama kisu kinavyorudi alani.

Mimi kazi yangu ni kuzoa theluji barabarani.
Zamu ikiisha nabisha hodi, napewa sindano ya gundi:
tone, nafasi, tone.
Kila tone ni kichwa cha ribiti.
Nilitia elfu mbili na mia nne upande mmoja wa mkia
kabla hajavaa miwani na kusema safu ya tano imelewa.
Nikakwangua.
Mke wangu alidhani nina mwanamke.
Nikamwambia ninaye: ana mbavu themanini na nne za mbao
na ananuka petroli.

Torgunn alikuwa fundi wa vinanda vya makanisa,
miaka thelathini na minane, bonde hadi bonde,
mwili mzima ameuchomeka katikati ya mabomba,
akigonga shingo ya bati, akisikiliza, akigonga.
Mita haamini. Injini zote nne zikinguruma kwenye benchi
yeye hufumba macho, hugeuza skrubu
kama anayepapasa mapigo ya mtoto mchanga,
mpaka ule mtetemo unaogombana kati yao,
wou, wou, wou,
urefuke, uchoke, ulale.
"Sasa ni moja."
Mimi husikia kelele tu. Hutikisa kichwa kukubali.

Mkaguzi alikuja na mizani na fomu zake.
Kilo thelathini na nane. Akalining'iniza bawa,
akalibonyeza, akatafuta kosa,
akapata kahawa.

Machi. Usiku kucha nililikwangua ziwa
hadi barafu ikatoa weusi wake, mita mia mbili,
na asubuhi ndege ikasimama pale juu ya skii zake,
kubwa mno kuwa kitu cha kuchezea,
ndogo mno kumbeba yeyote kati yetu.
Ikakimbia. Mkia ukainuka. Kisha kati ya skii na barafu
pakawa na mwanga.

Sitasema nililia; upepo ulikuwa mkali.

Mzunguko wa tatu, juu ya misonobari,
"Ya nne," akasema.
Sikusikia kitu. Hakuna aliyesikia.
Gumba lake lilikuwa limeshaishusha ya kwanza,
upande wa pili, ili mizigo isikosane,
na zile mbili za katikati zikabeba
kilichokuwa cha wanne.
Ikarudi pole pole, kwa pindo pana, bila kiburi,
skii zikaikwaruza barafu, kwaa,
ikanyamaza mbele ya miguu yake.

Akafungua kifuniko cha ya nne. Matumbo nje:
nyaya, vibomba, na katika mrija wa mafuta
chembe ya gundi kavu, ndogo kama punje ya mchele.
Sindano ilikuwa mkononi mwa nani, hakuuliza.

Mjukuu wake Ragnfrid akainua kamera.
Nikataka kupisha.
"Hapana," Torgunn akasema, akinisukuma mbele ya lile tundu,
akinivuta kofia hadi masikioni.
"Simama hapo hapo. Tabasamu."
Kisha akaanza kucheka, akacheka
hadi akashika bawa asianguke.