Stakabadhi za Marehemu

Kitabu cha ubatizo. Mtoto wa kwanza, mama: Niansala.
Wa pili: Nyazara.
Wa tatu: Maria.
Wa nne hana mama, ana mstari tu;
labda wino ulikwisha,
labda karani aliitwa kula.

Katibu wa parokia akanitazama juu ya miwani:
"Hawa ni wanawake wanne, dada.
Mzee wenu alioa wangapi?"
Mmoja, nikamwambia,
na hata huyo mmoja hakukaa naye sana.

Nyanzala. Nzala ni njaa, kwa Kinyamwezi.
Basi alizaliwa mwaka wa njaa,
lakini ipi? Tabora haikuwa na moja.
Shangazi Nshoma anasema ile ya nzige,
kisha hapana, ile ya kabla ya reli,
kisha ananituma ugoro.

Mumewe, Mihambo, nilimpata upesi.
Wanaume wana namba.
Mpagazi wa jeshi, mzigo wa kilo ishirini na tano,
aliondoka na Wajerumani walipoukimbia mji,
Septemba ya mwaka wa kumi na sita,
na daftari linamwacha kando ya mto usiotajwa,
kwa kuhara damu.

Nikadhani nimefika mwisho.

Shangazi akavuta bweta la bati mvunguni,
lile tulilochapwa kwa kuligusa.
Kodi ya kibanda. Mihambo, Ng'ambo, Tabora. Imepokelewa.
Mwaka wa ishirini na tatu. Ishirini na nne.
Nikazipanga kitandani kama karata:
kumi na moja.
Marehemu alilipa kodi miaka kumi na moja
na hakuchelewa hata mara moja.

Karatasi zinanuka nta.
Alizipaka, mchwa wasizile;
nta aliyoifuata kwa warina asali huko porini,
siku mbili kwenda, mbili kurudi,
babu yangu, miaka saba, akijikokota nyuma yake.
Akaiyeyusha, akaichuja kwa kipande cha kaniki,
akamuuzia Mhindi wa karibu na stesheni
ambaye kitabuni mwake, nina hakika,
aliandika: nta, kwa mwanamke.

Kwa nini hakusema mume amekufa?
Shangazi akacheka mpaka akakohoa.
"Aseme, arithiwe? Na shemeji yenyewe ile, madeni mpaka masikioni!
Mume aliye safarini bado ana nyumba.
Na jina lake si ndilo hilo? Mihambo. Safari.
Hakusema uongo."

Pembeni mwa kila stakabadhi kuna dole gumba,
wino wa zambarau, na katikati mchirizi mtupu,
kovu la kisu cha masega.
Dole lilelile, mara kumi na moja.
Hilo hakuna karani aliyelikosea herufi.

Kesho narudi parokiani,
kwenye ule mstari wa mtoto wa nne,
ambaye ndiye babu.
Katibu atakataa, najua.
Nakwenda na kalamu yangu.